Sanaa Shirikishi ya Bahari: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kikao cha Kwanza Hadi Siku ya Kuibomoa Kazi

Kazi yangu ya kwanza kuhusu bahari ilikuwa samaki wa vizibo vya chupa, mrefu kuliko mtu mzima. Vizibo nilivikusanya ufuoni peke yangu, nikavibandika kwa gundi peke yangu, nikamsimamisha kwenye njia watu wanayopita kuelekea majini. Wengi walipiga naye picha. Miezi michache ya jua ilitosha: gundi ikaachia, plastiki ikakauka na kupasuka, na asubuhi moja nikakuta mchanga chini ya samaki umetapakaa chembe nyekundu na za buluu, ndogo kuliko punje ya mchele. Maji ya bamvua, yale yanayojaa juu kuliko kawaida, yalikuwa yameshafika pale usiku. Taka niliyoitoa baharini nilikuwa nimeirudisha, safari hii ikiwa chembe zisizookoteka. Mzee aliyekuwa akishona wavu jirani alinitazama nikihangaika na ndoo, akaniuliza: "Mwanangu, huyu samaki ulimtengeneza kwa ajili ya nani?" Nilishindwa kumjibu.

Yote yaliyomo humu yanatokana na swali lile. Ninaposema sanaa shirikishi nina maana ya kazi ambayo wanaoishi na jambo lenyewe wanakuwamo katika kuitunga, tangu kuchagua swali hadi kuamua kazi iende wapi ikishamaliza muda wake. Anayealikwa siku ya ufunguzi kupiga makofi hajashiriki. Na kazi ya bahari ina sharti la pili: isiiongezee bahari mzigo.

Hatua ya 1: Wafuate watu walipo

Usianze na mchoro. Anza kwa kujua nani maisha yake yanagusana na maji: wavuvi, wachuuzi wa samaki, mabaharia, wapakuzi wa bandarini, wazamiaji, wanaovuna mwani, walimu na wanafunzi wao, watafiti wa viumbe vya bahari. Usiwasahau wa bara. Mito hubeba taka na udongo hadi baharini, kwa hiyo mtu anayeishi mbali kabisa na mwambao naye ana sehemu yake katika habari hii, hata kama hajawahi kuonja maji ya chumvi.

Nenda mara mbili au tatu bila kamera wala daftari. Chagua saa kwa kufuata kazi yao. Ukimfuata mvuvi anapopakua samaki unamharibia soko; mfuate anapotengeneza nyavu, wakati mikono ina shughuli lakini mdomo uko huru. Hapo ndipo utakaposikia mambo ambayo hayasemwi kwenye mkutano wenye meza na maji ya chupa.

Uliza pia nani ana ujuzi gani. Mfano ninaourudia kila mara ni jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa na kushushwa majini mwaka 2018. Takriban tani 10 za taka ziliingia humo, na ubavu wake ukavikwa ndala zipatazo 30,000. Mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Ninaloliona kubwa ni kwamba mafundi wa majahazi, akiwemo fundi Ali Skanda, ndio waliounda chombo. Kama wasingekuwamo tangu mwanzo, ile plastiki ingekuwa sanamu ya jahazi tu, na isingefika popote.

Hatua ya 2: Kikao cha kwanza

Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Wakizidi hapo, wenye sauti kubwa ndio watakaoongea na wengine watageuka wasikilizaji. Kaeni duara. Mwombe kila mmoja aje na kitu kimoja kilichotoka baharini au kilichowahi kuingia humo: gome la konokono wa baharini, kipande cha kamba, tiketi ya meli, picha ya ndugu akiwa ufuoni. Kitu kilichoshikwa mkononi humpa mwenye haya mahali pa kuanzia.

Maswali ndiyo roho ya kikao, basi yaandae vizuri. "Una maoni gani kuhusu mazingira ya bahari?" litakupa majibu ya redioni. Jaribu haya:

"Mara ya mwisho bahari ilikukatalia ni lini?"
"Kuna kitu gani ulikiona majini utotoni ambacho mtoto wako hajawahi kukiona?"
"Harufu ya kupwa kwa maji inakukumbusha nani?"

Swali la kwanza lilinifundisha unyenyekevu. Nililiuliza nikitegemea habari za samaki kupungua, mama mmoja akaeleza kuhusu mwanawe aliyezama. Kikao kilinyamaza muda mrefu, nami nilikuwa na kinasa sauti kimewashwa. Nilikizima. Tangu siku hiyo nimejiwekea taratibu ambazo sizivunji. Ridhaa naiomba kabla ya kurekodi, kwa lugha ya mtu mwenyewe, na namweleza sauti itatumika wapi. Mtu ana haki ya kubadili nia hata baada ya kazi kukamilika. Habari ya msiba haiingii katika kazi mpaka mwenyewe aje, kwa hiari yake, aseme anataka iingie. Bahari kwa wengi ni kaburi, ni njia ya waliouzwa utumwani, ni njia ya wahamiaji ambao hawakufika. John Akomfrah, msanii wa filamu wa Uingereza, alipoonyesha kazi yake ya skrini tatu kule Venice, Italia, mwaka 2015, aliviweka uwindaji wa nyangumi, utumwa na uhamiaji katika maji yale yale. Kazi yako nayo iwe na nafasi kwa mtu asiyeipenda bahari.

Jambo moja zaidi, na halihitaji maelezo marefu: muda wa watu ni kazi. Kama mradi una fedha, walipwe na wao. Kama hauna, waambie mapema kwamba hauna, ili mtu aamue akijua.

Hatua ya 3: Swali moja, dogo

Baada ya vikao viwili au vitatu utakuwa na mambo mengi, na kishawishi cha kuyatia yote katika kazi moja. Kataeni pamoja. "Uchafuzi wa bahari" ni jambo kubwa mno kushikika. "Kwa nini vipande vya nyavu hutupwa upande huu wa gati na si ule?" linashikika, na kuna watu wanaojua jibu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yanasema takriban tani milioni 11 za plastiki huingia baharini kila mwaka. Nimeisoma takwimu hiyo mbele ya watu mara kadhaa, na sijaona uso uliobadilika. Lakini waambie wale wale kwamba mita 100 za ufuo wao zilitoa vijiti 312 vya pipi kwa asubuhi moja, uone. (Hiyo 312 ni ya mfano, yenu mtaihesabu wenyewe.)

Andikeni swali kwenye karatasi kubwa, mlibandike ukutani. Kila mtakapobishana kuhusu rangi au ukubwa, rudini kulisoma.

Hatua ya 4: Kuchagua aina ya kazi

Swali ndilo linalochagua aina ya kazi. Nitaeleza njia tatu ninazozijua kwa mikono yangu, na ya nne kwa ufupi.

Kroshia. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina alionyesha kwamba kroshia inaweza kutengeneza umbo la haipaboliki, lile la mikunjo-mikunjo unaloliona kwenye matumbawe na aina kadhaa za mwani. Ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, walilichukua wazo hilo mwaka 2005 wakaanza kufuma mwamba mzima wa matumbawe, na maelfu ya watu katika miji mingi wamefuma miamba yao tangu hapo. Kanuni ni nyepesi: funga mnyororo wa vitanzi kama ishirini, kisha katika kila mstari, baada ya kila vitanzi vitatu ongeza kimoja. Mistari mitatu ya kwanza itaonekana kama kosa. Kufikia wa tano au wa sita kitambaa kitaanza kujikunja chenyewe, na hapo utaona mtu akitabasamu. Anayetaka mikunjo mingi aongeze kila baada ya kitanzi kimoja. Anayetaka wimbi pole aongeze kila baada ya sita. Tumieni nyuzi zilizobaki au mifuko ya plastiki iliyokatwa mkanda mrefu. Naipenda njia hii kwa sababu mikono ikifuma, maneno hutoka, na bibi anayejua kroshia ndiye anayekuwa mwalimu wa kikao.

Picha za buluu za jua, yaani sayanotaipu. Ugunduzi ni wa mwanasayansi Mwingereza John Herschel, mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins wa Uingereza akaanza kuutumia kuchapa picha za mwani. Yeyusha gramu 25 za feriki amoniamu sitreti katika mililita 100 za maji, na kwenye chupa nyingine gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100. Siku ya kazi changanya viwango sawa, paka karatasi nene kwa brashi katika chumba chenye mwanga hafifu, uiache ikauke gizani. Laza juu yake kipande cha mwani, uzi wa wavu au hata kivuli cha mkono wa mtu, gandamiza kwa kioo, toa juani. Kwa jua kali dakika tano hadi kumi na tano zinatosha. Rangi ya kijani-manjano itageuka kijivu cha shaba. Osha kwa maji mpaka manjano yote yaishe. Buluu itaendelea kukolea hadi siku ya pili. Vaa glavu, weka kemikali mbali na watoto, usiichemshe ferisianidi wala kuichanganya na asidi kali. Na maji ya kuoshea yakusanywe kwenye ndoo, yasimwagwe ufuoni.

Taka za ufuoni. Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibika kuliko zote, kwa hiyo ina hatua yake hapa chini.

Sauti. Simu yenye kinasa inatosha. Rekodi maji yakipwa, mashine ya boti, mtu akitaja majina ya samaki anayoyajua mpaka yamwishie. Sikilizeni pamoja kabla ya kukata chochote.

Kuna njia moja ambayo nakusihi usiijaribu bila wataalamu na kibali: kuweka sanamu chini ya maji. Mchongaji Jason deCaires Taylor amefanya hivyo tangu mwaka 2006, akianzia Grenada katika visiwa vya Karibi, na kule Cancún, Meksiko, alitumia maumbo ya miili ya wakazi wenyewe. Lakini hutumia saruji maalumu isiyobadili hali ya maji ili matumbawe yaweze kushika, na mahali pa kuweka huchaguliwa kwa uangalifu ili pasiharibu kilichopo. Saruji ya kawaida iliyotupwa mahali pasipofaa ni taka nzito.

Hatua ya 5: Kufanya kazi na taka, kwa usahihi

Angalia jedwali la maji kujaa na kupwa. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wakati huo maji hupwa mbali na hujaa juu sana. Fika ufuoni muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, yafuate yakitoka, na yakigeuka na wewe geuka. Mteueni mtu mmoja asiyeokota chochote, kazi yake kutazama maji na kuhesabu watu.

Pimeni mita 100 kwa kamba, muokote ndani ya hapo tu. Kabla ya kitu kuingia guniani kihesabiwe na kuandikwa. Karatasi hiyo ya hesabu itunzeni kama mnavyotunza kazi yenyewe. Inaweza kuishi muda mrefu kuliko kazi, na mtafiti au halmashauri inaweza kuitumia.

Yaacheni magome, kwa sababu kaa wa aina fulani wanayahitaji yawe nyumba. Acheni mstari wa mwani mkavu ulioletwa na maji. Mna viumbe wengi humo kuliko mnavyodhani. Matumbawe, hata yaliyokufa, yasiguswe: biashara ya matumbawe magumu inadhibitiwa kimataifa, na kuyachukua ufuoni ni kosa kisheria katika nchi nyingi. Sindano, makopo yenye kemikali na vipande vya rangi ya chini ya boti visishikwe. Rangi za zamani za boti zilikuwa na sumu ya kuzuia viumbe kunata, iliyopigwa marufuku kimataifa mwaka 2008, na vipande vyake bado vinaokotwa.

Mkirudi, lowekeni kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi usiku kucha, kisha osheni kwa sabuni, kausheni kivulini. Chumvi ikibaki, hakuna kitakachonata wala kushika rangi.

Sasa zoezi ninalolipenda. Weka beseni la maji, chukua chupa ya soda ya plastiki, kata kipande chake, uking'oe na kizibo. Tumbukiza vyote viwili. Kizibo kitaelea, kipande cha chupa kitazama. Vizibo vingi ni polietilini au polipropilini, plastiki mbili nyepesi kuliko maji. Chupa ni PET, plastiki nyingine, nzito kuliko maji. Mbele ya watoto zoezi hili hueleza kwa nini ufuo umejaa vizibo visivyo na chupa zake: chupa ikishafunguka na kujaa maji hushuka chini, kizibo kinabaki kusafiri. Tumewahi kuitungia kazi nzima habari hiyo, vizibo juu kwenye kamba, na chini yake nafasi tupu.

Beseni hilo hilo linakusaidia kutenga. Vinavyoelea kwa kawaida ni zile plastiki mbili, na gundi haizishiki vizuri. Hicho ndicho kilichomuua samaki wangu. Toboa kwa drili, kisha funga kwa waya au shona kwa uzi wa nyavu. Kabla ya kutoboa, kunja kila kipande kwa vidole. Kikilia na kupasuka, jua limeshakimaliza: kiweke ndani ya mtungi wa kioo au nyuma ya kioo, au kitoeni kabisa. Unapotoboa tandika kitambaa chini, na unga wote ufagiliwe na kuhifadhiwa. Msiyeyushe wala kuchoma plastiki kupata umbo. Moshi wake una sumu, na ule wa PVC, plastiki ya mabomba, ni mbaya zaidi.

Angela Haseltine Pozzi, aliyeanzisha mradi wa Washed Ashore huko Oregon, Marekani, mwaka 2010, ametengeneza wanyama wakubwa wa bahari kwa taka za ufuoni akishirikiana na watu wengi wa kujitolea. Ukitazama kazi hizo kwa karibu utaona vipande vimeshikizwa kimoja baada ya kingine, na kila kimoja bado kinatambulika: huu mswaki, ile ndala. Acheni vitu vitambulike. Mkivipaka vyote rangi moja, mtazamaji ataona nyangumi na atasahau kwamba mswaki ule huenda ni wake.

Hatua ya 6: Nani ana sauti ya mwisho

Andikeni, hata kwa ukurasa mmoja: kazi ni ya nani, majina yaandikwe vipi, ikinunuliwa fedha ziende wapi, na nani anaweza kusema "hapana" kuhusu kuonyeshwa. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sababu gazeti lilitaja jina la msanii mmoja katika kazi ya watu arobaini. Jina langu mimi huliweka ndani ya orodha, kwa alfabeti, pamoja na wengine. Asiyetaka jina lake litajwe aheshimiwe pia.

Mkibishana, na mtabishana, uzoefu wangu ni kwamba aliye karibu zaidi na swali asikilizwe kwanza. Wewe msanii una neno kuhusu uzito, mwanga na uimara. Kuhusu maana, ngoja zamu yako.

Hatua ya 7: Kuonyesha

Ipelekeni kazi mahali swali linapoishi. Kama ni nyavu, iwe kwenye gati. Kama ni mifuko, iwe sokoni. Ukumbi wenye kuta nyeupe unaweza kuja baadaye. Isimame juu ya alama ya maji ya bamvua, mbali na ukungu wa mawimbi, na ifungwe kwa ajili ya upepo. Kila siku awepo mmoja wa waliotengeneza, maana mtazamaji akiuliza hujibiwa na mtu aliyeokota.

Wekeni kitu cha kufanya: kadi ya kuandika jibu la swali lenu, uzi wa kuongeza mistari miwili ya kroshia, karatasi moja ya jua. Na waalikeni wenye uamuzi, mkiwapa ile karatasi ya hesabu mkononi, na ombi moja mahususi. "Tunaomba pipa la nyavu kuukuu kwenye gati hili" hujibiwa ndiyo au hapana. "Tunaomba bahari itunzwe" hujibiwa kwa hotuba.

Hatua ya 8: Kuibomoa

Tarehe ya kubomoa ipangwe siku ile ile mnayopanga ya kufungua. Kagua kazi kila wiki. Kipande kikianza kupasuka, kitoke siku hiyo. Jueni mapema kila kitu kinakwenda wapi: waya kwa fundi, plastiki inayokubalika kwa warejelezaji, isiyokubalika kwenye dampo lililozibwa vizuri, vilivyofumwa kwa waliofuma. Kisha fanyeni kikao kimoja cha mwisho, watu wale wale, duara lile lile. Waulize nini kimebadilika na nini hakikubadilika, na uandike yote mawili.

Samaki wangu nilimvunja siku ile ile niliyoulizwa swali. Kuchekecha mchanga kwa chekecheke la unga kulinichukua siku tatu, na yule mzee alinishikia gunia. Siku ya tatu nilimwuliza angependa tutengeneze nini na vipande vya nyavu alivyokuwa akivitupa. Alifikiri, akaketi juu ya ndoo, akaanza kunitajia ni nani na nani niende kuwauliza kwanza.